Siku Chama Kilipokuja Baraka Kutufundisha Kujitawala

Chama cha baba mdogo kilikuwa na wanachama wa kujaza benchi mbili za kanisa, na hapo nimewahesabu hata waliokuja kwa ajili ya chai. Mikutano ilifanyika sebuleni kwake, nyuma ya soko la Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Mkewe, mama mdogo, alikuwa akikatiza katikati ya kikao na sinia la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kichwani, akienda kuwaanika uani, bila kuomba ruhusa ya mtu. "Serkali isogee kidogo," alisema, na serikali ilisogea na viti vyake.

Nilikuwa nikiishi nao tangu nilipopata kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule ya sekondari. Nilisahihisha mitihani ya wanafunzi chumba cha pili, na kila neno la chama lilinifikia kupitia pazia. Niliwasikia wanaume wazima wakibishana mchana kutwa kama katibu anapaswa kukaa kuume au kushoto kwa mwenyekiti. Niliwasikia wakigawana wizara. Muuza mawese alipewa Mambo ya Nje kwa sababu aliwahi kuvuka ziwa akafika Kigoma.

Baba mdogo hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Alikuwa mkurugenzi, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi kule Lubondja kwa miaka mingi, na nusu ya watu wazima wa upande ule walijifunza kusoma mbele ya fimbo yake. Katika siasa alikuwa na imani moja tu. Hakujali urais wala ugavana. Alitaka madiwani wa mtaa. Tangu Baraka ilipoitwa mji, tulikuwa tumeona wakubwa wakiletwa na karatasi kutoka mbali na kuondolewa na karatasi kutoka mbali, na sisi kazi yetu ilikuwa kupiga makofi mara mbili, wakati wa kuwapokea na wakati wa kuwaaga. Baba mdogo alikuwa ameisoma sheria ya mamlaka za mitaa mpaka jalada likatoka.

"Mi nataka mukubwa ambaye ninaweza kumugombeza ku bomba ya maji," alikuwa akisema. "Anabeba kopo yake, mi ninabeba yangu, ninamugombeza. Ile njo demokrasia. Ingine yote ni ngoma."

Nilimcheka, lakini kimya kimya, kwa kuwa nilikula mezani kwake.

Vyama vikubwa havikumtaka. Vilikuwa na watu wao, wenye magari. Basi alipotokea mwanafunzi wake wa zamani, kijana mnene aliyekwenda Bukavu akawa katibu wa chama kidogo kwa jimbo zima, na kumpa baba mdogo kofia, bendera na cheo cha mwenyekiti wa Fizi yote, wilaya yetu nzima, mzee alikubali siku ile ile. Alimuuliza swali moja tu: "Chama yenu inasema nini juu ya mitaa?" Katibu akajibu kwamba chama kina mengi ya kusema na kwamba hati inaandaliwa. Ilikuwa bado inaandaliwa mwaka mmoja baadaye, na mwaka uliofuata.

Halafu, uchaguzi ulipokaribia, habari ikaja kwamba rais wa chama mwenyewe angetoka Kinshasa kuja Baraka. Kwetu kila chama, hata chenye benchi mbili, kina mtu wake anayeitwa Autorité morale, yaani mwenye mamlaka ya kimaadili. Maadili yenyewe sijui huwa wanayapima kwa mizani gani. Huyu wa kwetu angekuja kufungua kikao kikubwa cha kutafakari siasa ya chama na utawala wa mitaa. Baba mdogo alisoma ujumbe ule kwa sauti mara mbili. Alipofika kwenye maneno "utawala wa mitaa" alivua miwani akaifuta.

"Umesikia, mama?" aliniambia. Mimi ni binti wa kaka yake, lakini akifurahi huniita mama. "Hawakusahau. Walikuwa wanatayarisha."

Akaniomba niwe mkalimani. Rais hakujua Kiswahili chetu, na watu wengi wa vijijini hawajui Kifaransa. Nilikubali, na sikukubali kwa ajili ya chama.

Katibu alitangulia. Alifika kutoka Bukavu akiwa na spika mbili na wasiwasi mwingi, na wasiwasi wote ulikuwa wa samani. Meza ya wageni wa heshima itakuwa na urefu gani? Vitambaa viko wapi? Maua ya plastiki yapo? Baba mdogo alimwonyesha kurasa alizoandika kwa mkono, mambo ya Lweba, ya Makobola, ya Fizi-centre, barabara gani imekatika, shule gani haina paa, nani hutoza ushuru na hauonekani ulikokwenda. Katibu akazipokea kwa mikono miwili, kwa heshima ya mwanafunzi, akaziweka chini ya spika ili isiyumbe.

Niliona. Baba mdogo naye aliona.

Tatizo la pili la katibu lilikuwa watu. Ukumbi aliokodi, wa kanisa moja la Kiprotestanti, ulikuwa mkubwa, na benchi mbili zisingeuziba. Akapata dawa. Asubuhi ya mkutano lori lilisimama mlangoni likateremsha wakimbizi wa Kirundi kutoka kambini, wakulima wengi wao, wanawake wengi kuliko wanaume, wamevaa nguo zao za misa. Walikuwa wameambiwa kuna mkutano na kuna chakula. Kila mmoja alivishwa kofia ya chama mlangoni.

Baba mdogo alimvuta katibu pembeni. Nilikuwa karibu nao, nikijaribu maikrofoni.

"Hawa bantu hawana kadi ya kuchagua," alisema. "Tunawaita juu ya nini?"

"Mwalimu, rais anahesabu vichwa, hahesabu kadi."

"Na tutazungumuza nabo nini?"

"Kwani nani atazungumuza nabo?" katibu akajibu, kwa mshangao wa kweli kabisa.

Rais alichelewa. Alikuwa anakuja kwa mtumbwi wa mota kutoka Uvira, kwa kuwa barabara ya kando ya ziwa ilikuwa na mashimo, na vizuizi, na mambo mengine ambayo mgombea hapendi kukutana nayo. Tulimsubiri ufukweni tukiwa na bendera. Chombo kilipokaribia kilikwama kwenye mchanga, maji bado yakifika magotini, na rais akasimama mbele akiwa na viatu vya ngozi vyeusi vinavyong'aa kama samaki aliyetoka majini. Aliyaangalia maji yetu kana kwamba yalikosa adabu. Katibu akamwita mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu wake, mtu wa makamo, mwembamba. Mvuvi akageuza mgongo, rais akapanda. Hivyo ndivyo mtu aliyekuja kutuambia tujitegemee alivyoingia Baraka, juu ya mgongo wa mtu wa Baraka. Alipoteremshwa mchangani alitupungia mkono. Mvuvi hakuambiwa asante, akarudi kwenye wavu wake.

Ukumbini meza ya heshima ilikuwa ndefu kweli, na ilikuwa na maji ya chupa upande mmoja tu. Baba mdogo aliwekwa mwisho wa meza, karibu na dirisha. Mimi nilisimama nyuma ya bega la rais na maikrofoni yangu. Tuliimba wimbo wa taifa. Mchungaji akaomba. Ndipo rais akafungua hotuba yake, akawasalimu watu wa Kalemie, mji mwingine kabisa.

Ukumbi haukusikia, kwa sababu nilitafsiri "watu wa Baraka". Nilifanya hivyo kwa ajili ya mzee aliyekaa dirishani. Lakini yeye anajua Kifaransa kuliko mimi, na nilimwona akiinamisha kichwa.

Hati iliyokuwa ikiandaliwa miaka yote ile ilikuwa kweli ipo. Rais aliisoma. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mahali pengine, sijui wapi, pengine kwa nchi nyingine kabisa. Utawala wa mitaa, alisema, unaanzia kwenye usafiri wa mjini. Chama kitapunguza msongamano wa magari asubuhi. Nikatafsiri: "Chama kitapunguza msongamano wa magari asubuhi." Nje ilipita pikipiki moja, tukaisikia ikija mpaka ikapotea. Chama kitaweka taa za kuongoza magari kwenye makutano makubwa. Chama kitawapa wenyeji wa majumba ya ghorofa sauti juu ya lifti zao. Neno la lifti lilinishinda. Nilisema, "chombo cha kupandisha watu ndani ya nyumba," na bibi mmoja wa mbele akamuuliza jirani yake kama ni mambo ya hospitali.

Kila ukurasa ulipoisha, katibu alisimama, nasi tukapiga makofi. Warundi walipiga kwa bidii kuliko wote. Mtu aliyealikwa nyumbani kwa watu hujua adabu.

Kisha yakaja maswali. Katibu alikuwa ameandaa mawili, na wenye kuyauliza walikuwa wanachama wetu, ndugu wa Mambo ya Nje akiwa mmojawapo. La kwanza liliuliza rais anapata wapi nguvu za kuipenda nchi kiasi kile. La pili nimelisahau, lakini lilifanana nalo. Rais alijibu yote mawili kwa kirefu. Katibu akashika karatasi ili kufunga kipindi, na hapo mwanamke mmoja, katikati ya kundi la kambini, akainua mkono.

Alikuwa mtu mzima, mrefu, kofia ya chama ameivaa juu ya kilemba. Nilimfahamu kwa sura. Huuza lengalenga, yaani mchicha, na majani ya maboga kwenye soko letu siku za soko, akitoka kambini kwa miguu. Katibu alimpita kwa macho. Baba mdogo akasema kutoka dirishani, kwa sauti yake ya darasani, "Kuko mukono pale." Ikabidi.

Mwanamke akasimama, akaivua ile kofia kwanza.

"Mi niko mukimbizi," alisema, Kiswahili chake kina mwendo wa Kirundi. "Sichague muntu hapa, ile ninajua. Lakini ku soko ninalipa taxe sawa bengine. Choo ya soko haina mulango. Siye bamama tunakingana na kikwembe, mumoja anaingia, mwengine anashika. Kukiwa upepo, ni haya. Mumesema leo ni maneno ya mitaa. Nilikuwa nauliza tu: nani wa kuambia?"

Akakaa. Wanawake waliomzunguka, wenyeji na wageni, wakatoa ile sauti ya kooni ambayo si kicheko wala si kilio. Nilitafsiri kwa Kifaransa, neno kwa neno, na nilipomaliza nilitambua kwamba hilo lilikuwa swali la kwanza la utawala wa mitaa kusikika siku ile.

Rais alivuta maikrofoni. Alisema swali la miundombinu ya usafi halitenganishwi na dira ya jumla. Alisema dira ya jumla inahitaji utashi wa kisiasa. Nikatafsiri. Halafu aligeuka kidogo kwa katibu, akaacha Kifaransa, akasema kwa Kilingala. Maikrofoni ilikuwa bado mdomoni mwake, na sauti ikaenda mpaka benchi la mwisho. Lakini Kilingala chake kilikuwa cha haraka, cha Kinshasa, na watu wengi wa vijijini na wa kambini hawakukishika. Wakanigeukia mimi, kama walivyofanya asubuhi yote. Walikuwa wananingoja.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nikatafsiri.

"Rais anasema: mumupatie ule mama sukre, aikale. Anauliza tena, nani alileta hapa bantu hawana kura?"

Sukre ni soda ya chupa. Hakuna mtu mzima kwetu anayenyamazishwa kwa soda, hata mtoto siku hizi hukataa.

Kwanza mtu mmoja alicheka. Halafu kikawa kimya ambacho sijawahi kukipata darasani hata siku ya mtihani wa taifa. Yule mwanamke aliiangalia kofia mkononi mwake. Katibu alikuja juu yangu, uso umemlowa.

"Madame, unatafsiri hotuba! Hutafsiri maneno ya pembeni!"

"Ilipita mu micro," nilimwambia.

"We ni mutu wa chama gani?"

"Mi niko mwalimu wa Kifaransa."

Nimeulizwa mara nyingi tangu siku ile kama sikujuta. Hapana. Ningeweza kulipamba, kama nilivyopamba Kalemie. Lakini jambo la Kalemie lilikuwa ujinga, na ujinga unaweza kusitiriwa. Hili lilikuwa dharau, na aliyedharauliwa alikuwa mbele yetu ananingoja nimwambie ameambiwa nini.

Rais alikuwa akitabasamu, kwa sababu hakujua nimesema nini. Alifikiri ukumbi umezama katika dira ya jumla. Ndipo baba mdogo akainuka. Hakuja kwenye maikrofoni. Alikinyanyua kiti chake, kiti cha plastiki cha bluu, akapita nacho mbele ya meza yote ya heshima. Mguu mmoja ulikwama kwenye kitambaa, ua la plastiki likaanguka, hakuliokota. Akatembea mpaka katikati ya ukumbi, Warundi wakampisha, akakiweka kiti kando ya yule mwanamke. Akakaa. Alikuwa akipumua kwa shida, maana ni mzee.

"Papa Rais," alisema kwa Kifaransa, Kifaransa safi cha shule za mapadri ambacho mimi sitakipata kamwe, "mama huyu ameuliza nani wa kuambia. Mimi ni mwenyekiti wako wa Fizi, na mimi pia sijui. Tunangoja wote wawili."

Nikawatafsiria watu.

Rais alimwangalia, akamwangalia katibu, akaangalia saa. Alisema swali la mzee ni la maana sana. Alisema itaundwa kamati. Halafu akasema anaambiwa upepo wa ziwa huzidi mchana na hana budi kuwahi chombo. Aliyemwambia hivyo sikumwona.

Ningependa kuandika kwamba watu walisimama, wakakataa, wakamfuata mpaka ufukweni. Walisimama kweli, kwa sababu masufuria ya wali na nyama yalikuwa yakiingizwa kwa mlango wa nyuma. Muuza mawese alifika kwenye sahani kabla ya mchungaji hajabariki. Wanachama wetu, wale wa sebuleni, ambao kila juma walikula kiapo cha kumfia baba mdogo, walimpita kwenye kiti chake bila kumtazama, kila mmoja ameikazia macho nyama yake. Wanawake wa kambini ndio waliomletea sahani, yule mwuza lengalenga akiwa mbele. Hakula. Walikula wao, wamekaa kumzunguka, na walikuwa na haki, walitoka mbali.

Kabla rais hajatoka, katibu alisoma maazimio. Yalikuwa yamechapwa Bukavu siku nyingi nyuma, na yalimshukuru rais kwa kuwasikiliza wenyeji kwa makini na kuyajibu maswali yao yote. Yalipaswa kusomwa na mwenyekiti wa Fizi. Katibu alimpelekea karatasi pale alipokaa, akiinama, akimwita mwalimu, akimbembeleza. Baba mdogo aliisoma kimya mpaka chini, kama anavyosoma insha, akamrudishia.

"Hii kazi ni ya sufuri," alimwambia. "Umeandika jibu mbele ya kusikia swali. Nilikufundisha hivyo?"

Katibu akayasoma mwenyewe, kwa haraka, na makofi yakapigwa na mikono yenye mafuta. Sijui ufukweni rais alipanda mgongo wa nani. Mvuvi wa asubuhi alikuwa ameshaondoka.

Majuma machache baadaye redio ya hapa ilisoma tangazo la chama: mwenyekiti wa Fizi amejiuzulu kwa sababu za afya. Mama mdogo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaacha mchi hewani. "Afya gani?" aliuliza redio. Kuanzia jioni ile watu walianza kuja na pole. Walileta ndizi, walileta mayai, mwingine alileta kuku aliyefungwa miguu. Walikaa kwenye viti vya chama, wakazungumza kwa sauti ya chini, wakamtazama mzee aliye mzima akinywa chai yake.

"Mi si mugonjwa!" aliwaambia.

"Njo hivyo bagonjwa banasemaka," walijibu kwa upole.

Alikasirika siku mbili tatu, kisha akaacha kukasirika, na hapo ndipo niliogopa. Alikaa tu. Hakufungua sheria yake. Nilimkuta mchana mmoja kwenye kiti kile cha bluu, kilichorudi nyumbani na viti vingine vya chama, nikataka kumwambia kwamba nilijua tangu mwanzo, kwamba mtu yeyote angejua, kwamba chama chenye muuza mawese kwenye Mambo ya Nje hakiwezi kumletea hata ndoo. Nikamletea chai badala ya maneno hayo. Hayakuwa na mahali pa kutua.

Aliyemwinua ni mwuza lengalenga. Naye alikuja na pole, fungu la mboga mkononi. Alipoona mzee si mgonjwa, hakujifanya.

"Sawa papa, kama hauumwe," alisema, "tutaenda siku gani?"

"Wapi?"

"Kuambia. Ulisema we pia unangojea. Mi ninaendelea kushika kikwembe."

Walikwenda siku ya soko, wao na wanawake wengine, na mimi nikawafuata kwa sababu sikuwa na kipindi. Mkubwa wa soko alisema choo ni cha komini, yaani kata yetu. Kwenye komini walisema soko ni la mji. Kwenye biro ya meya, ndiyo ofisi kuu ya mji, karani aliyevaa tai, na joto lile, alisema mji umeandika, jimbo halijajibu. Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu aliyetimiza wajibu wote wa dunia. Baba mdogo akatoa kitabu chake kisicho na jalada, akamsomea kifungu. Karani akamsikiliza mpaka mwisho akasema, "Papa, ile ni sheria. Hapa ni biro."

Walirudi siku ya soko iliyofuata, na nyingine. Walikaa kwenye benchi la biro ya meya na mboga zao, hawakupiga kelele, hawakubeba bango. Wageni wa ofisi wakaanza kununua lengalenga palepale mlangoni. Hilo, zaidi ya sheria yoyote, liliwasumbua wakubwa.

Na mlango ukaja. Haukuletwa na komini, wala mji, wala jimbo. Uliletwa na mgombea wa chama kingine kidogo, ambaye alipata fununu ya wanawake wa benchi. Ulikuwa mlango wa mbao, mzuri, na juu yake alikuwa amechorwa yeye mwenyewe kwa rangi ya mafuta, tangu kifuani hadi kwenye upara, na namba yake ya uchaguzi. Kulikuwa na sherehe. Kulikuwa na spika. Alikata utepe mbele ya choo, akasema yeye si mtu wa maneno, ni mtu wa vitendo, na umati ule ule uliokula wali wetu ukampigia makofi.

Baba mdogo alikataa kuhudhuria. Alisimama mbali, kwenye vibanda vya chumvi, na hasira yake ilikuwa imerudi yote, jambo lililonifurahisha.

"Tulidai haki, wametupa zawadi," alisema. "Mulango ule ni matusi. Kesho akishindwa atakuya kuung'oa. Taxe yetu iko wapi? Nani amejibu?"

Mwuza lengalenga alikuwa ametoka chooni, akatukuta pale. Alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Unasema kweli, papa," alisema. "Lakini mulango ni mulango. Unafunga."

"Na ile sura yake?"

"Sura iko upande wa inje. Siye tuko ndani."

Wanawake walicheka, akacheka mama mdogo aliyekuwa amekuja kununua chumvi. Baba mdogo hakucheka. Alimwambia mwuza lengalenga kwamba siku ya soko ijayo wanarudi kwenye benchi la meya, mlango au hakuna mlango, maana kuna mfereji ulioziba nyuma ya machinjio, na mfereji hauwezi kuchorwa sura ya mtu. Mwanamke akakubali, lakini akamwambia mzee aje mapema, kwa sababu yeye ana mizigo miwili ya mboga ya kuuza kwanza, na njia ya kambini ni ndefu.